Jani Alilolifunika Mwalimu

Ndugu waombolezaji, majirani na walimu mliofanya kazi na marehemu, mimi ninayesimama mbele yenu ni mwanawe, kifungua mimba wake, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Jani, naomba mnivumilie sauti ikinikatika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa nne wa mnoa misumeno na mshonaji wa nguo, alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na stesheni ya reli kuanzia 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1974, kisha akajiunga na chuo cha ualimu, akahitimu Desemba 1976, akiwa wa kwanza katika Biolojia na, kwa maneno yake mwenyewe, wa mwisho katika kuimba.

Tarehe 10 Januari 1977 aliajiriwa katika shule hii ya jirani, akafundisha hapo miaka arobaini bila kuhama, hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2017. Somo la usanisinuru alilianza kila mwaka kwa namna ileile, aliwaambia wanafunzi wabane pumzi, na walipotoa macho na kushindwa aliwaonyesha mti wa nje ya dirisha, akawaambia kwamba hewa waliyoikimbilia imetoka kwenye majani, kwamba jani huchukua maji ya mizizini na hewa tunayoitoa puani, likavipika kwa mwanga wa jua kuwa chakula, likatuachia oksijeni bila kungoja asante, na kwamba kila tonge tunalomeza limepitia kwenye jani, hata nyama, kwa sababu ng'ombe naye ni nyasi tu zilizopata miguu. Kisha kila mwanafunzi alifunika nusu ya jani kwa karatasi nyeusi, akaiandikia tarehe ya kuifungua, na siku hiyo jani lilichemshwa, likatolewa rangi kwa spiriti na kudondoshewa iodini, nusu iliyoona jua ikageuka nyeusi kwa wanga, nusu iliyofunikwa ikabaki na rangi ya iodini tu.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na baba yetu, fundi seremala aliyeitwa kupanua madirisha ya maabara, ambaye mama alimrudisha mara tatu akidai mwanga hautoshi, hadi walimu wakaanza kuulizana kama kinachotafutwa ni dirisha au ni fundi. Walijaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1985, dada yangu 1988 na kitinda mimba wetu 1992, baba akatangulia tarehe 2 Novemba 2015.

Tarehe 6 Septemba 2021, baada ya kukohoa miezi mingi, madaktari waligundua kwamba mapafu ya marehemu yanakakamaa, akatibiwa kwa vipindi, akalazwa tarehe 3 Juni 2024, na tarehe 17 Juni akaruhusiwa kurudi nyumbani na mtungi wa oksijeni, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikumbuka nusu ya somo lake, kwamba gizani mmea nao huvuta oksijeni kama sisi, nikaogopa kwamba makopo saba ya maua yaliyokuwa dirishani kwake yatamwibia pumzi kidogo aliyobaki nayo, nikayahamishia stoo nikafunga mlango, na kila aliponiuliza nikamjibu kwamba yako barazani, yanastawi. Nilimdanganya mama yangu wiki tano. Tarehe 22 Julai aliomba aletewe japo moja, nikakuta sita yamekufa na la saba limebaki na majani matatu ya manjano, nikalibeba hadi kitandani kwake, nikakiri yote huku nalia.

Alicheka hadi akapaliwa, dada akamwinua, kisha akaniambia: "Mwanangu, pumzi ya kopo hili usiku kucha haifiki hata robo ya yako, na wewe unalala hapo kwenye kiti. Kama ni kumpeleka mwizi stoo, ungeanza na wewe."

Kopo lilirudi dirishani, likachipua. Jumatatu tarehe 5 Agosti aliomba karatasi nyeusi, akafunika nusu ya jani jipya, akaandika "12 Agosti", akanitaka safari hii nilisikilize somo hadi mwisho. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, uso wake ukiwa umeelekea dirishani, akiwa na umri wa miaka 67.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutuachia milango wazi, walimu wenzake, na kwa namna ya pekee mwalimu wa maabara wa sasa, mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuja jana na chupa ya iodini nilipomwambia kuna somo halijaisha, tukalichemsha jani lile jikoni, wanawe wote watatu tukiwa tumelizunguka.

Mama, karatasi nimeitoa kwa tarehe uliyoandika, na majibu ni yaleyale uliyowafundisha wote hawa. Kopo liko dirishani, pazia liko wazi, na asubuhi hii nimekaa karibu nalo, nikavuta pumzi. Pumzika kwa amani, Mwalimu.