Daftari Jekundu la Ndugu Leonidasi

Ndugu Leonidasi Bukuru anastaafu tarehe 30 Juni, 1979, baada ya kuitumikia hospitali yetu ya Kibondo kwa miaka ishirini na saba. Aliajiriwa kama dobi. Mwaka 1958 alihamishiwa chumba cha mazoezi ya viungo, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kumwinua mgonjwa asipige kelele.

Nimeombwa mimi, Nestori, karani wa mapokezi, niandike wasifu huu, na wapo waliocheka waliposikia. Wana haki ya kucheka.

Madaktari wageni walitoa maagizo kwa Kiingereza, naye aliishia darasa la nne. Hata hivyo hakukosea agizo. Daktari akitamka neno, yeye huchomoa daftari jekundu mfukoni, huandika kidogo, hulifunga upesi. Akienda kula, analo. Akienda chooni, analo. Mtu wa namna hiyo mimi simwamini, na mwaka 1975 nilianza kumchungulia dirishani kila siku saa nne. Siku moja nikauona ukurasa: majina ya watu, vijiji vyao, na namba. Mpaka wa Burundi hauko mbali. Nikajumlisha niliyoyajua na nisiyoyajua, nikaiandikia kamati ya watumishi kwamba anapeleka habari za watu ng'ambo, barua ambayo ingeweza kumfukuzisha kazi.

Kamati ililiweka daftari mezani. Hakukana kitu. Aliomba tu wachague majina wayatakayo, wenyewe waitwe.

Wakaja. Bibi Ntirampeba wa Kasanda alikaa kitini, akakunja goti, akasema, "Ego, ndiyo, goti ni hili. Lilikuwa gogo, yeye kalikunja." Mbele ya jina lake paliandikwa "flexion", na namba zilikuwa nyuzi za kukunjika ambazo goti lilifikia kila wiki. Mzee Gharibu, mwenye duka Kasulu, aliinua mkono wake mbovu hadi juu ya kofia: "elevation". Verediana, aliyeungua kiganja, alimpa mwenyekiti mkono, na mwenyekiti akaomba aachiwe: "grip". Kamusi hatukuwa nayo. Kila neno gumu Ndugu Leonidasi alilihifadhi katika mwili wa mtu anayemfahamu, na hakulisahau tena.

Mwenyekiti akafika ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti: "Posture. Nestori, mapokezi. Mgongo umepinda kushoto. Dirishani, kila siku saa nne." Nikaambiwa nisimame. Nilikuwa nimepinda kweli, na sijawahi kuona aibu kama ile.

Kesho yake akaniita chumbani kwake. Nilikwenda nikijua nakwenda kulipiziwa kisasi. Alinilaza mkekani, akaushughulikia mgongo wangu kwa wiki sita, na barua hakuitaja hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Sasa amelinakili daftari lote, maneno mia mbili na kumi na manne, liwasaidie watakaobaki. Nami, tabia haijaisha, nilikimbilia ukurasa wa mwisho kabla ya mwingine yeyote. Jina langu limo. Neno lake limo, na tarehe mgongo uliponyooka. Dirisha na saa nne hakuvinakili.

Ndugu Leonidasi, ahsante. Nenda salama nyumbani Buhigwe, ukaishi miaka mingi yenye afya na utulivu. Yale uliyoyaacha kuandika, nimeyaandika mimi hapa, mbele ya wenzetu wote.