Namba Tisa Ibaki Ilipo

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa ukumbi wa kufuma katika kiwanda chetu cha nguo anastaafu baada ya miaka thelathini na minne. Jina lake halisi liko kwenye cheti. Sisi tunamwita Fundi Grisi, na hakuna sabuni iliyowahi kulifuta jina hilo.

Alianza kama mfagiaji, akapanda hadi ufundi. Humu humu ndimo alimompata mkewe, mfumaji wa mashine namba tisa, mama aliyependa zamu ya Jumapili kwa sababu siku hiyo msimamizi hayupo.

Vita vilipokuja, havikuangusha hata risasi moja kwenye paa letu. Vilitunyonga tu. Kinu cha pamba kiliungua, kiwanda cha rangi kikageuzwa kambi, daraja likavunjwa, malori yakachukuliwa yasirudi. Nyuzi zilipokwisha, mke wa Fundi alijitolea pamoja na wenzake wawili kuzifuata ng'ambo ya mto. Wenzake walipatikana, wakazikwa. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti.

Fundi hakuacha kuja kazini. Kila asubuhi umeme ulipokubali, aliwasha mashine zote zikiwa tupu, zisije zikashika kutu. Mtaa ukisikia ngurumo, muuza chai anafungua kibanda, watu wanaambiana kiwanda kipo. Ndani hamkuwa na uzi wala mfumaji. Nilichungulia siku moja nikatoka mbio, na sioni haya kusema.

Mashine za viwanda jirani ziliuzwa kama vyuma chakavu. Zetu zilipona, ndiyo maana leo tunafuma na tuna ajira. Namba tisa peke yake haijatiwa uzi tena. Fundi huiwasha, akaisikiliza, akaizima. Mlinzi wa Jumapili, siku ambayo sasa hatufumi, aliomba kubadilishiwa zamu, akidai inalia wakati swichi kuu imezimwa. Tulimcheka sana. Fundi hakucheka, alimuuliza ilikuwa ikienda haraka au polepole.

Menejimenti ilitaka kuiuza. Fundi alipoambiwa achague zawadi ya kustaafu, alikataa godoro, akakataa baiskeli, akaomba namba tisa ibaki ilipo na iwashwe kila asubuhi ya kazi, maana mkewe akirudi ataifuata sauti. Tumekubali sote.

Ahsante, Fundi Grisi. Pumzika vyema, ulale usingizi uliotudai miaka yote. Siku za kazi ukiisikia namba tisa kutoka nyumbani kwako, ni sisi. Jumapili ukiisikia, njoo upesi. Si sisi.