Mtoto wa Ukutani Kaota Macho

Benchi letu hapa mjini Patan linatazamana na ukuta wenye jiwe la mchongo: Buddha kasimama, mtoto anamtolea sadaka. Kila asubuhi tunalipaka unga mwekundu, mchele na mafuta ya haradali kama walivyofanya babu zetu, ndipo tunakaa kunywa chai na kudanganyana. Bingwa ni mimi. Nimezunguka nchi kumi na moja na kote nilipotea njia. Leo hatukukaa. Jiwe, jana jekundu lisilo na sura, lilikuwa la kijivu, safi, lina macho. Na mwezi huu zamu ya kulilinda ni ya mwenzetu Herakaji.

— Wamelibadilisha! Herakaji alijishika kichwa. Limeibwa kwenye zamu yangu! Nitamwambia nini baba?

— Baba yako si alishakufa? nikauliza.

— Ndiyo maana naogopa! Nitamkuta huko.

Mwenzetu tunayemwita Rubani, ambaye hajawahi kupanda ndege ila aliuza chai uwanja wa ndege, akatikisa kichwa.

— Hii ni kazi ya wezi wa sanamu za minadani. Wameacha la bandia, la kweli linakula baridi ya Ulaya.

— Mbwa wangebweka, nikasema.

— Wamehongwa nyama ya nyati.

— Wote kumi na wawili?

— Kaka, siku hizi kuna helikopta hazina sauti.

Nami, badala ya kumtuliza mtu, nikasema jiwe kama letu nimeliona dukani Bangkok. Uongo mtupu, Bangkok niliona hospitali tu, baada ya kula kaa waliooza. Herakaji akaketi chini, machozi yakimlengalenga.

Akatokea Surje Maya, dada yake aliyeolewa mji wa Bhaktapur, kabeba ndoo, mikono myekundu hadi viwikoni.

— Wazee wazima, mnalia nini?

— Jiwe si letu, dada!

— Mtoto wa jiwe lenu ameshika nini?

Rubani akakohoa. Miaka hamsini tunampaka, hakuna aliyewahi kumwona.

— Ni lilelile. Nimelisugua alfajiri kwa mashudu ya haradali, maji ndoo tatu, hadi rangi yenu ikatoka.

Herakaji akapapasa pembeni, akaukuta ufa wa tetemeko aliouziba mwenyewe kwa saruji. Akacheka mpaka akapaliwa.

— Haya, ameshika nini? akamuuliza dada yake.

— Vumbi. Alikuwa anacheza njiani, hana kingine, akampa Buddha alichonacho.

Herakaji akainama, akachota vumbi kwa mikono miwili, akalimwaga taratibu chini ya jiwe.

Dada yake akamtazama, akatazama ndoo zake.

— Weka, mjinga wewe. Nitafagia kesho.