Mama Tena na Barua Isiyomhusu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo kwa watoto anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Faili lake linasema thelathini na mmoja. Nimehesabu mara tatu, kila mara napata jibu jingine, basi nimefuata hesabu yake mwenyewe.

Wachache hapa hospitalini wanalijua jina lake la kwenye kitambulisho. Kwa watoto ni Mama Tena. Mtoto akipiga hatua moja baada ya miezi kitandani, wazazi wakalia, wauguzi wakapiga makofi, yeye husema, "Tena!" Mmoja aliwahi kumjibu, "Tena wewe!" Mama Tena akavua viatu, akatembea chumba kizima huku mtoto akimkosoa magoti.

Aliajiriwa kukaa katika chumba cha mazoezi, chenye mikeka minne na kioo kilichopasuka pembeni. Mwaka haukuisha akaanza kutoka nje ya geti. Alisema wodini mtoto anaacha kuumwa tu; kupona ni nyumbani, kati ya kitanda na choo. Ndivyo zilivyoanza ziara za Jumatano, ambazo leo ni utaratibu wa hospitali nzima. Huko alimkuta binti asiyekubali kusimama isipokuwa kwenda kuzima redio ya babu yake. Mama Tena akaamuru redio iwashwe kila saa, na kila siku isogezwe mbali kidogo. Binti akatembea. Babu akalalamika: "Mjukuu kapona, sawa, lakini miezi mitatu sijasikia taarifa ya habari mpaka mwisho. Sijui hata nani anatutawala!"

Mimi nilikuwa daktari wa wodi ya watoto, na ni yeye aliyeniomba niandike wasifu huu. Sielewi kwa nini, na mkisoma yafuatayo huenda nanyi msielewe.

Kabla mtoto hajaruhusiwa, Mama Tena alikuwa na desturi ya kumfunga utepe wa kitambaa chekundu kwenye mguu unaohitaji mazoezi, ili nyumbani asiwepo wa kubahatisha. Mwaka wake wa tisa alikwenda mafunzoni juma moja. Nikamruhusu mtoto wa miaka miwili aliyelazwa wiki tisa kwa homa ya uti wa mgongo. Nilidhani utepe ni uchafu, nikaukata, nikamchorea mama yake picha. Nilimchora mtoto kama nilivyomwona, akinitazama, kwa hiyo mguu wake wa kushoto, ndio uliohitaji mazoezi, ukaangukia upande wa kulia wa karatasi. Miguu yote miwili ilikuwa imekonda. Mama aliuamini mchoro wa daktari kuliko kumbukumbu yake, akaunyoosha mguu wa kulia wiki sita, asubuhi na jioni, bila kukosa.

Mama Tena alipowatembelea, kifundo cha kushoto kilikuwa kimekaza. Baba wa mtoto hakuwa na neno kwa mkewe ila moja: "Mama gani asiyejua mguu wa mwanawe?" Kamati ikauliza nani alitoa maelekezo. Fomu ya mazoezi, isiyotaja ni mguu upi, ilikuwa na sahihi ya Mama Tena, aliyoiweka kabla ya kwenda mafunzoni. Mchoro haukuwa na sahihi ya mtu. Nilikuwa kwenye meza ile. Nikanyamaza. Yeye akapewa barua ya onyo, na kwa sababu ya barua hiyo ukuu wa kitengo ukampita mara mbili.

Mwaka ule likizo yake yote aliitumia nyumbani kwa familia ile. Alimketisha baba upande mmoja wa mkeka na mama upande wa pili, mpaka wakalazimika kusemezana. "Shika hapo." "Nimeshika." Walianzia hapo. Mtoto alitembea akiwa na miaka minne.

Mwezi uliopita, madaktari walipoacha kunificha hali yangu, nilimwita nikamweleza yote. Hakushtuka.

"Mchoro niliuona siku ileile, Daktari. Nani mwingine hapa anachora watoto wasio na shingo?"

Nikamwuliza mbona hakusema. Akamenya chungwa, akanipa nusu.

"Nilikuwa nakusubiri."

Kama ile ilikuwa huruma au hasira, bado sijui. Nimejiuliza hata usingizini. Ndipo akaniomba niandike, na nisiruke kitu.

Maelezo haya nimeyatia sahihi, na Mganga Mkuu ameahidi kuwa barua ile itatolewa kwenye faili kabla ya Ijumaa. Nakala imepelekwa kwa mama wa mtoto. Mama, uliusoma mchoro sawasawa. Aliyekosea ni mimi.

Kwako wewe mwenzetu, asante kwa watoto uliowasimamisha, na kwa nyumba ulizozisimamisha pamoja nao. Tunakuombea afya, na asubuhi nyingi zisizo na haraka. Pumzika vizuri, dada. Jina lako ni safi. Lilikuwa safi miaka yote hii, na mimi nilijua.