Mama Rangi Hakuficha Ugonjwa Wake

Dada yetu, aliyejulikana kazini na mtaani kama Mama Rangi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1972, mtoto wa pili wa mshona viatu na mkunga. Shuleni alisimamishwa wiki nzima kwa kumpasua chura wa mwalimu kabla ya kipindi. Aliporudi, badala ya kuomba radhi akauliza, "Mwalimu, mbona ini lake lilikuwa na madoa?" Baba akasema huyu hashikiki.

Alisomea maabara, na mwaka 1997 akaajiriwa hospitalini, chumba cha kupima vinyama vilivyokatwa kutoka kwa wagonjwa. Aliandaa michanganyiko ya kingamwili, matone yanayozisaka seli za ugonjwa ili zishike rangi na kuonekana. Alichanganya taratibu juu ya barafu, bila povu.

Mwaka mmoja kingamwili zilipungua. Mkuu wake akamwambia, "Ongeza maji kidogo, zitufikishe mwisho wa mwezi."

"Siongezi. Rangi ikififia, mtu ataambiwa ni mzima na ugonjwa umo. Bora asubiri."

Akahamishiwa kuosha vyombo. Aliosha huku akiimba, hadi shehena mpya ilipofika na mkuu mwenyewe akamfuata kwenye karo.

Mumewe, fundi wa majokofu, alikuja kutengeneza jokofu la kingamwili. "Likizima tena," dada alimwambia, "utalala humu mpaka liwake." Lilizima tena. Shemeji anakana kuwa ni mkono wake hadi leo. Walioana mwaka 2001.

Mwaka 2022 alipatikana na saratani ya shingo ya kizazi. Ndugu wengine waliona haya. Kaka yetu mkubwa alimwomba siku ikifika tuseme "maradhi ya muda mrefu." Akajiinua kitandani.

"Kaka, maisha yangu yote nimeupaka rangi ugonjwa wa watu uonekane, wangu ndio mnataka kuufunika shuka? Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hakiniumbui, nimekitangulia kusema. Mkiuficha, naamka!"

Kaka alicheka huku akifuta machozi. "Basi jina la ugonjwa litasomwa, tena kwa sauti."

Linasomwa. Saratani ya shingo ya kizazi ilimtoa duniani Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mama yetu mzazi, kaka na wadogo zake, na wenzake wa maabara waliosimama pale nyuma na makoti yao meupe.

Mungu ampokee na kumpumzisha. Nanyi mama zetu, shangazi na dada mliopo hapa, kliniki inafunguliwa kesho asubuhi. Nendeni mkapimwe.