Wimbo wa Dakika Ishirini na Tatu

Kijiwe chetu kiko karibu na stesheni ya reli, hapa Mpanda: mabenchi mawili, jiko la mkaa, na birika la kahawa la Mama Pudensiana. Sheria yetu ya muziki ni moja tu. Kila mtu ana zamu, zamu ni wimbo mmoja, na ukishaanza hakuna wa kuuzima. Tuliitunga wakati nyimbo za kila mtu zilikuwa za dakika tatu, nne. Kisha fundi simu wetu, Gelasius, akapenda muziki wa roki, na Jumatatu akaja na wimbo wa miaka ya sabini, wa dakika ishirini na tatu. Tuliuzima njiani. Jumanne tukauzima tena. Jumatano asubuhi tulikaa kuamua kama anyang'anywe zamu yake, na spika yake ndogo ilikuwa tayari inanguruma wimbo huohuo katikati yetu.

– Nyie mmevunja sheria yenu wenyewe, alisema Gelasius. Mara mbili!

– Sheria ni ya nyimbo, alijibu Cletus, dereva wa bodaboda tunayemwita Kilometa. Huu siyo wimbo, bwana, hii ni safari ya Karema wakati wa masika, haifiki.

– Mbona hawaimbi? aliuliza Mama Pudensiana.

– Waliimba mwanzoni, mama, alijibu Gelasius. Labda watarudi.

– Lini?

– Sijui.

– Mimi najua kilichotokea, alisema Kilometa. Yule wa kurekodi alisinzia. Wanamuziki ni watu wa adabu, wakaona wasimwamshe. Wakaendelea.

– Hapana, alisema Lyamba, mfugaji, ambaye hapa tunamwita Ngosha. Hawa wamepoteana. Sikia, ngoma inaelekea huku, kinanda kule. Ni kama ng'ombe waliochanganyikana mnadani. Kila mmoja anamwita mwenzake.

– Basi wamepoteana tangu miaka ya sabini! Kilometa alisimama kabisa. Mpaka leo bado wanapiga! Huko Ulaya kuna nyumba, ndani wazee wenye mvi, chakula wanapitishiwa dirishani. Hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuacha.

– Na wake zao?

– Walishaolewa kwingine, Mama Pude.

Hata Gelasius alicheka. Kisha akapunguza sauti ya spika kidogo.

– Mwezi mzima nasikiliza, jamani. Nilianza na Wazambia wa zamani, hawa majirani zetu, magitaa yanakwaruza kama redio inayotafuta stesheni. Nikaenda kwa Waingereza. Wana wimbo mmoja unahesabu mpaka saba. Unasubiri mdundo wa nane, hauji, mguu unabaki hewani. Juzi nilikuwa kwa Wajapani. Gitaa limerekodiwa, halafu kanda ikachezwa kinyumenyume. Unasikia sauti inazaliwa kabla mpigaji hajaligusa.

– Si uvae hedfoni zako, kaka? aliuliza Ngosha.

– Ninazo. Lakini pale gitaa linapopanda, nageuka nimwambie mtu, umesikia? Nakuta ukuta. Mke wangu, Yustina, anasema hiyo ni mashine ya kusaga. Ndiyo maana nauleta hapa.

Ngosha aliangalia kikombe chake.

– Pole, kaka, alisema Kilometa. Lakini kura ni kura. Wanaotaka zamu yake ifutwe, mikono juu.

Akanyoosha wake. Wa Mama Pudensiana ulifika begani. Wangu, nakiri, ulikuwa umeshatoka mfukoni.

Hapo akafika Skolastika, muuza mchele wa Usevya, na kikapu chake mkononi.

– Kilometa, nipeleke stendi, gari la Usevya linaondoka.

– Dakika moja, mama, tunamalizana na huu wimbo.

Skolastika alitega sikio. Akatega tena.

– Samahani. Unaishaje?

Tuliangaliana. Kilometa alimtazama Ngosha, Ngosha akanitazama mimi, na wote tukamgeukia Gelasius.

– Sijui, alisema. Hata nyumbani sijaumaliza. Nilitaka tuufikie pamoja.

Mkono wa Kilometa ulibaki hewani, kisha ukashuka taratibu ukatua kwenye spika. Nilidhani anaizima. Akaongeza sauti.

– Mama, na gari lako?

– Kuna lingine saa nane, alisema Skolastika, akasogeza kikapu, akakaa.

Mama Pudensiana aliinamisha birika juu ya kikombe changu. Likatoa tone moja. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyelalamika. Ngoma ilirudi kutoka ilikokwenda, kinanda kikaikuta, na gitaa likaanza kupanda, polepole, kisha likapanda hasa.

Gelasius akageuka, kama alivyozoea.

Kilometa alikuwa ameshamgeukia yeye.

– Umesikia? aliuliza Kilometa.