Kiingereza cha Saa ya Mwisho

Benchi la nje ya kibanda cha picha hutosha watu watatu, na asubuhi hiyo Mwalimu alikaa mwisho kabisa, barua juu ya goti. Alikuwa amefundisha kemia miaka thelathini na mbili, tena kwa Kiingereza, lakini sasa sentensi moja ilimkwama. Mjukuu wake aliyezaliwa ng'ambo, asiyejua Kiswahili, alitaka kujua: siku bibi alipofariki, babu alikuwa akifanya nini? Mwalimu alitaka kusema alikaa kando ya kitanda akimtazama. Look, see, watch: kila aliloandika alilikata. Nyumbani hapakuwa na wa kumwuliza. Aliyekuwa akimchagulia maneno ndiye huyo aliyezikwa.

Mpigapicha alimimina kahawa, akasikiliza swali la Mwalimu, akatoa hukumu.

— Weka look. Kutwa nawaambia wateja look here. Wanageuza macho, basi, hakuna wanachoona.

— Ndiyo maana picha zako watu wametoa macho kama samaki wa barafu, alisema Mlinzi, aliyetoka zamu. Weka watch, Mwalimu. Hiyo ndiyo kazi yangu. Unakaa ukijua mwizi atakuja.

— Na akija?

— Akija ndiyo hivyo. Mimi nina filimbi tu.

Mpigapicha, kuchangamsha kijiwe tena, akadai see ni la madaktari, maana wao huona wagonjwa hamsini kwa siku bila kuinua kichwa. Mlinzi akapandisha dau: Waingereza wana ukungu mwingi, na kila umbali wa ukungu wakaupa neno lake.

Mama mmoja, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri picha za pasipoti za wanawe, akauliza taratibu:

— Samahani, baba. Na marehemu alikuwa anatazama nini?

Mpigapicha akainamia viatu vyake. Mlinzi akatikisa chupa ya kahawa, ilikuwa tupu.

— Sijui, mama, Mwalimu alisema. Nilikuwa nahesabu matone ya dripu. Muuguzi alisema ishirini kwa dakika, nikaogopa yasije yakazidi. Nilipogeuka, alikuwa ameshakwenda.

Mwalimu akaikata sentensi yote, akageuza karatasi, akaandika habari ya matone kama alivyoisema. Kwa hilo, Kiingereza chake kilitosha.